Skrubu ya Fundi Marcelo

Buti la gari lina mdomo na lina tumbo, na tumbo huwa kubwa kuliko mdomo. Fundi Marcelo aliligundua hilo akiwa amejikunja ndani ya Korola nyeupe ya Constantine, miguu nje, kamba ya kupimia mkononi, mbele ya majirani waliodhani amekwama. Alipotoka alijikung'uta vumbi, akamtazama mwenye gari kwa majivuno kidogo.

"Seremala mwingine angekutengenezea sanduku zuri sana, mwenyekiti, halafu lisiingie."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," Constantine akajibu. Ukweli ni kwamba alikuwa amekwenda kwanza kwa Novatus, kule karibu na stendi ya Bariadi, akamkuta Novatus amekwenda msibani.

Constantine alikuwa wakala wa kampuni ya kununua pamba. Zamani pamba yote ya huku ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Mkulima alileta mzigo, akapanga foleni, akafokewa na karani, akalipwa siku atakayolipwa. Sasa soko lilikuwa huria. Makampuni yalikuwa yamejaa, kila moja na mzani wake na kofia zake za bure, na mkulima yuleyule aliyekuwa akifokewa sasa aliitwa bosi na kuvutiwa kiti. Kituo cha Constantine kule Lalago kilitazamana na kituo cha kampuni nyingine, barabara tu katikati. Msimu uliopita wale wa ng'ambo walileta wacheza ngoma, na wakulima wakavuka barabara na magunia yao kama vile upande wa Constantine kuna ndui. Msimu huu aliapa kuwajibu kwa gari la muziki, lenye besi la kutikisa tumbo la mtu.

Alikuwa pia mwenyekiti wa walei parokiani. Kila Jumapili, padri akishamaliza, yeye alisimama kutoa matangazo, na katika matangazo hayo hakukosa dakika chache za kuwasema Wakristo wanaokwenda kwa waganga. Watu walimwogopa kuliko padri, kwa sababu padri alikuwa mgeni na hakujua nani ni nani.

"Sanduku likiwa zuri," alisema akipanda gari, "lile ghala langu jipya unaliona. Milango, madirisha, rafu zote. Kazi yako."

Wilhelmina, mke wa Marcelo, aliyasikia hayo akiwa jikoni, na mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Mumewe alikuwa seremala wa kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika mpaka ushirika ulipokufa na watu wakapunguzwa. Walimpa cheti cha utumishi mwema na mkono wa kwaheri. Tangu hapo ilikuwa vitanda na majeneza, na vitanda vilikuwa vinapungua. Yeye na mumewe walishakubaliana kwamba msimu ukiisha bila kazi kubwa, watarudisha vyumba kwa mwenye nyumba na kuhamia Sola, kwa kaka zake Wilhelmina, ambako ardhi ipo.

Kaka hao walikuwa watu wema, na hilo ndilo lililomtisha Marcelo. Wangemkatia shamba bila neno, wangempa na jembe. Halafu kila asubuhi angeamka na kuwasalimia watu ambao yeye ndiye aliyewapelekea ng'ombe wa mahari, sasa wakimlisha pamoja na dada yao. Alikuwa radhi kutengeneza sanduku lolote duniani ili asiione asubuhi hiyo.

*

Vipimo vya ndani alivileta Paschal, fundi redio wa sokoni, kijana mwembamba aliyewahi kufanya kazi Mwanza na hakuacha kulitaja jambo hilo. Ndiye aliyekuwa afunge spika na mashine yake. Walibishana tangu siku ya kwanza.

"Unataka nini hapa pembeni?" Marcelo akauliza.

"Tundu."

"Tundu! Mimi nimejifunza miaka yote hiyo kuziba matundu."

"Sikiliza, mzee Marcelo. Spika ikisukuma mbele, inasukuma na nyuma. Ile hewa ya nyuma ukiifungia ndani inakufa bure. Ukiiwekea bomba, inatoka kuja kusaidia ile ya mbele. Bomba likiwa refu sauti inashuka, likiwa fupi inapanda. Mwanza tulikuwa tunaanza na refu, tunakata kidogo kidogo mpaka besi likae."

"Na panya?"

"Panya gani atakaa humo, mzee? Atapasuka masikio."

Marcelo alinung'unika, lakini kazi aliifanya. Mbao zilikuwa za mninga, za ile kaunta ya zamani ya ushirika aliyoinunua kiwanda kilipopigwa mnada. Aliziranda mpaka zikasahau viwiko vya wakulima vilivyozilalia. Akaunga pembe kwa gundi na skrubu, nyufa akazijaza kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, katikati akaweka nguzo ya kuzuia ubao usitetemeke. Kisha akawasha tochi ndani, akajifunika blanketi yeye na sanduku lake, atazame kama mwanga unapenya popote. Haukupenya. Alitoka chini ya blanketi akitiririka jasho na kumwita mkewe aje naye aangalie. Wilhelmina akaingia, akatoka, akasema haoni kitu, na Marcelo akaipokea kama sifa.

Siku ya kujaribu, Paschal alifunga spika ya inchi kumi na mbili na kukata bomba la plastiki mara mbili tatu kwa msumeno. Alipofungulia kaseti, kuku walikimbilia kwa jirani. Sufuria zikatembea mezani. Halikutokea gogo-gogo lolote wala mlio wa ubao, ila besi tupu, nene, linaloingia kifuani kabla ya kufika masikioni.

Ng'washi, mama yake Marcelo, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya tundu. Aliinua mkono, akauweka pale kwenye bomba, na upepo ukampuliza kiganja.

"Linapumua," alisema.

"Ndiyo, mayu. Ni hewa."

"Ngoma inayopumua," alisema bibi tena, taratibu.

Baba yake Ng'washi alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, wa kundi la Bagika. Bibi alikulia kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, na mshindi ni yule ambaye watu wamemkimbilia. Alibatizwa uzeeni, rozari anayo, na huiheshimu. Lakini hajawahi kuona mtu mwenye akili akipeleka ngoma mashindanoni ikiwa tupu, bila samba, ile dawa ya kuvuta watu. Kwake hilo lilikuwa sawa na kumpeleka bibi harusi bila kumwogesha.

*

Siku ya ufunguzi Lalago ilijaa. Magunia ya pamba yalikuwa bado kwenye mikokoteni, ng'ombe hawajafunguliwa, wenyewe wakisubiri kuona nani ana nini msimu huu. Ng'ambo wacheza ngoma walikuwa wakijifunga njuga. Constantine, amevaa suti ya kijivu kwenye jua lile, alifungua buti mwenyewe na kuwaonyesha watu sanduku lililovikwa zulia jekundu. Marcelo alisimama pembeni na shati la Jumapili. Alikuwa amejiambia kwamba akiulizwa atasema tu, "Ah, kazi ya kawaida."

Muziki ulianza, na watu wakaanza kuja, vijana mbele, wanawake nyuma yao. Constantine akapandisha sauti. Ndipo besi lilipoingia sawasawa, na ndani ya sanduku kitu kikaanza kugonga. Ko-ko-ko. Ko-ko-ko. Kila besi lilipopiga, nacho kikapiga, kwa juhudi.

"Gari lina kikohozi!" mtu mmoja akapaza sauti.

Kicheko kikaenda mpaka kwa waliokuwa mbali, ambao walicheka kwanza na kuuliza baadaye. Constantine akapunguza sauti, akapandisha, akapunguza. Kikohozi kikabaki. Ng'ambo ngoma zikaitika, na wakulima wakageuza mikokoteni.

"Fundi!" Constantine hakumwita pembeni. Alimwita palepale, mbele ya wafanyakazi wake na wale wachache waliobaki kumalizia kicheko. "Umenijengea nini? Banda la kuku? Nimekwambia nataka sanduku, wewe umenigongelea mbao tu?"

"Mwenyekiti, tulilijaribu nyumbani, lilikuwa safi. Paschal shahidi."

"Shahidi nimekuwa mimi hapa, na Lalago nzima! Kabla ya gulio lijalo liwe limekaa kimya, la sivyo ghala langu anapewa Novatus. Fundi asiyeweza sanduku ataweza mlango?"

Marcelo alitaka kujibu. Akaona watu wanangoja ajibu ili wacheke tena, akainamia buti. Sanduku lilitolewa kwenye buti, na safari ya kurudi Bariadi aliifanya nyuma ya lori la magunia, amelikumbatia. Zulia jekundu lilimwachia rangi kwenye shati lake la Jumapili.

*

Aliliweka uani na kulitikisa. Ndani kitu kiligonga upande mmoja, kikaviringika, kikagonga upande wa pili. Hakikuwa ubao. Hakuna ubao unaoviringika. Aligeuka kumwita Wilhelmina, akamwona mama yake ameketi kwenye kigoda, anachambua mchicha kwa bidii kubwa mno.

"Mayu."

"Ee."

"Umeweka kitu humu?"

Ng'washi aliendelea na jani moja, akalimaliza. "Nimeweka, kwa lile tundu. Siku ile kabla hawajaja kulichukua. Nilikuwa nakusaidia, ng'wana wane. Ungekwenda kushindana na mikono mitupu?"

Wilhelmina akatoka ndani na kitenge chake cha WAWATA, cha akina mama wa Kanisa, kiunoni. "Mama! Kwenye mali ya mwenyekiti wa walei! Unajua atatufanya nini? Atatusoma kanisani! Na kazi ya ghala imekwenda." Akamgeukia mumewe. "Nianze kufunga vyombo vya Sola leo hii, baba Scola, au ningoje kesho?"

"Lakini samba yangu haigongi," alisema Ng'washi.

"Haigongi nini na watu wote wamesikia?"

"Mimi binti wa manju. Dawa ya ngoma inafungwa na pamba ya mche wa kwanza kupasuka, pande zote, inakuwa laini kama mtoto. Haigongi. Kinachogonga humo mimi sikijui."

Hakuna aliyemwamini. Marcelo alimpenda mama yake, na kwa hiyo hasira yake ilikosa pa kwenda, akabaki anazunguka uani na bisibisi mkononi. Angefungua upesi, atoe hicho kifurushi, akifukie, afunge, na siku ya pili aseme ilikuwa nguzo ya ndani imelegea. Alishapiga goti aliposikia mlango wa gari ukifungwa nje.

Alikuwa Constantine, na Paschal nyuma yake na mfuko wa vifaa.

"Mwangaluka, mayu," Constantine akamsalimia bibi kwa haraka. Halafu akaona bisibisi. "Unafanya nini?"

"Nilikuwa... naangalia tu kwa nje, mwenyekiti. Kufungua si lazima."

Marcelo alitegemea kugombezwa. Badala yake uso wa Constantine ukalegea kwa nafuu.

"Vizuri sana," alisema. "Usifungue. Kaza tu kwa nje. Mambo ya ndani yasisumbuliwe."

"Ndivyo nilivyosema na mimi. Ukifungua unaharibu gundi."

"Kabisa. Gundi ni jambo la kuheshimu."

Wakatazamana, wanaume wawili wanaokubaliana kupita kiasi, kila mmoja akishangaa wema wa mwenzake. Wilhelmina alianza kuomba kimoyomoyo. Na pengine wangekaza kwa nje mpaka jua lizame, kama si Paschal, ambaye hakuwa na siri yoyote.

"Wazee, kitu kimo ndani mnakaza nje?" Alikwisha piga magoti. Alizungusha skrubu za spika, akaing'oa spika, akaingiza mkono mpaka begani. "Eh," alisema. "Kuna mtu kahamia humu."

Alitoa kwanza kifurushi cha pamba nyeupe, kilichofungwa vizuri kwa uzi. Alipokiangusha chini hakikutoa sauti hata kidogo. Akaingiza mkono tena, akapapasa, akatoa kipembe cha swala chenye kizibo cha nta, kimejaa simbi. Hicho kilipoanguka kwenye sakafu ya saruji kikasema ko-ko-ko, sauti ileile ambayo Lalago nzima iliisikia.

Constantine aliwahi kuliko wote. Aliinama katika suti yake, akakiokota kipembe na kukitia mfuko wa koti, na alipoinuka ndipo akaelewa kwamba hakuna aliyekuwa amemuuliza ni cha nani.

"Hicho cha pamba ni changu," Ng'washi akasema kwa upole, asimwache mgeni peke yake. "Na hicho chako ni kazi ya mzee Mayala wa Lingeka. Naijua nta yake. Baba yangu alikuwa akienda hukohuko. Ghali sana, lakini kazi yake nzuri. Tatizo hukufunga na pamba. Alikwambia?"

Constantine alitazama ukuta. "Aliniambia," alisema mwishowe.

"Wanaume hamsikilizi."

*

Walimpa kiti, wakampa maji ya kunywa. Paschal alitaka kucheka, Wilhelmina akamkanyaga mguu. Marcelo alikuwa bado amepiga goti, na kifua chake kilikuwa kimejaa raha ambayo hakuwa ameionja tangu kiwanda kilipofungwa. Sanduku lake lilikuwa safi. Pembe zake zilikuwa zimekaza. Alifungua mdomo kulisema hilo, Constantine akamtangulia.

"Watu wa Lalago watauliza kilikuwa nini."

"Tutawaambia haikuwa sanduku," Marcelo akasema.

"Ilikuwa nini, basi?"

Marcelo akamtazama mama yake.

"Mimi ni mwenyekiti," Constantine aliendelea, akiutazama mkono wake. "Kampuni inanijua, parokia inanijua. Lazima kiwe kitu. Kitu cha kawaida tu." Akafikiri. "Fundi, wewe mara nyingine, ukiwa na kazi nyingi, si unaweza kusahau skrubu ndani?"

"Sijawahi kusahau skrubu."

"Nasema unaweza."

"Siwezi. Nazihesabu kabla na baada."

"Safari hii umesahau," Constantine akasema. Sauti yake haikuwa ya ukali tena, ilikuwa karibu na ya kuomba. "Utasema mwenyewe pale Lalago. Neno moja tu. Na kesho yake unaanza milango ya ghala. Madirisha. Rafu. Msimu ujao najenga na kule Maswa."

Marcelo alimtazama mkewe. Wilhelmina alijua kila skrubu ambayo mwanamume huyu aliwahi kuihesabu, alikuwa amezihesabu pamoja naye kwa taa ya kandili miaka ya ndoa yao yote. Aliona jinsi macho yake yanavyomwomba aseme hapana. Akafikiria kaka zake wa Sola, na jembe lililokwisha tiwa mpini.

"Skrubu ni kitu kidogo, baba Scola," alisema, akaingia ndani.

Kabla hajaondoka, Constantine alikohoa. "Mayu," alimwambia Ng'washi chinichini, "ile pamba ya mche wa kwanza... imebaki?"

Ilikuwa imebaki. Bibi akaketi na kukifunga kipembe taratibu, akieleza kila mzunguko, na mwenyekiti wa walei akamshikia uzi. Paschal alilalamika kwamba hewa ya humo ndani imepimwa, kila wanachotia kinaipunguza, Mwanza hawafanyi hivi. Hakuna aliyemsikiliza. Marcelo alichonga kijirafu kidogo cha mninga, chenye vyumba viwili sawasawa, akakifunga pembeni kabisa, mbali na bomba, na kila kifurushi kikakaa mahali pake bila kusogea. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na ilifungiwa mahali ambapo hakuna atakayeiona.

*

Gulio lililofuata Constantine alimpa kipaza sauti. Marcelo alikishika kwa mbali, kama mtu aliyepewa nyoka wa mwenzake.

"Jamani wakulima," alisema, "lile gogo-gogo la siku ile, ilikuwa skrubu. Mimi fundi nilisahau skrubu ndani."

Walicheka sana, lakini kwa wema. Mtu akapiga kelele, "Pole, fundi Skrubu!" na jina likapatikana hapohapo. Halafu muziki ukafunguliwa. Besi lilitoka kwenye lile tundu likiwa zima, safi, likatembea chini ya ardhi mpaka miguuni mwa ng'ombe, nao wakainua vichwa. Njuga za ng'ambo hazikusikika tena. Wakulima wakavuka barabara, mikokoteni kwa mikokoteni.

Ng'washi alijua ni nini kilichowavuta, na Constantine pia alijua, ingawa kila mmoja alikuwa na kifurushi chake moyoni. Paschal aliwaeleza watu habari za bomba. Wilhelmina alikuwa amemaliza novena siku hiyohiyo. Marcelo alisimama karibu na buti, mkono juu ya zulia, akiusikiliza ubao uliokataa kutetemeka, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Kazi ya ghala aliipata kweli. Hawakwenda Sola. Milango alipoipeleka, mlinzi aliutikisa mmoja karibu na sikio lake, akacheka, Marcelo naye akacheka. Mama mmoja aliagiza kitanda na kumsihi asisahau skrubu ndani, maana mumewe ana usingizi mwepesi. Hata huyo alimchekea. Nyumbani alianza kuzihesabu skrubu mara tatu, jambo ambalo Wilhelmina aliliona na hakulisemea.

Jumapili moja, msimu ukielekea ukingoni, Constantine alisimama kutoa matangazo. Alikuwa amenenepa kidogo. Alitangaza michango, alitangaza usafi wa makaburi, kisha akafika pale alipokuwa akifika siku zote.

"Na ninyi mnaokimbilia kwa waganga," alisema, kidole juu. "Mkisikia kitu kinagonga, mnasema ni mkono wa mtu. Si mnakumbuka gari langu Lalago? Kuna waliosema ni dawa! Dawa gani, ndugu zangu? Ilikuwa skrubu. Uzembe wa fundi, basi. Tuache ushirikina."

Kanisa zima liligeuka kumtazama Marcelo, likitabasamu. Ng'washi, kando yake, alifungua mdomo. Marcelo akamshika mkono, mkono uleule uliopulizwa na sanduku, akaubana mpaka bibi akafumba mdomo wake.

"Tuseme amina," alisema mwenyekiti.

Na fundi Skrubu, ambaye milango yake pale ghalani ilifunguka na kufungwa bila bawaba moja kulia, akasema amina, kwa sauti, wa kwanza kabla ya wengine.